Kubadili njia ya kuandika riwaya: lini, na kwa nini si katikati ya rasimu

Mkuu mleta mada, umesema una riwaya tatu ulizozianza na zote zimekufia katikati, na sasa unauliza kama uache kuandika kwa kwenda tu na hadithi inakokupeleka, uhamie kwenye kupanga kila sura kabla ya kugusa ukurasa wa kwanza. Mimi bado sijachapisha, kwa hiyo pokea haya kama ya mwenzako aliyetangulia hatua chache. Ila rasimu kamili ninazo, na kila moja niliiandika kwa njia yake.

Jibu fupi: badilisha njia, lakini badilisha baina ya rasimu na rasimu. Ukiwa katikati huwezi kujua kama njia imeshindwa au umefika tu pale pagumu. Na pagumu kila mtu anapafikia. Mwanzoni riwaya inabebwa na hamu, una mhusika unayempenda na tukio lililokunyima usingizi. Ukishavuka theluthi hivi, mambo uliyoyaahidi kwenye sura za mwanzo yanaanza kukudai. Nani alikuwa anapiga simu usiku? Yule shangazi ana kazi gani humu? Aliyepanga atakwambia mpango umembana, asiyepanga atakwambia amepotea, kumbe wote wanalalamikia ukurasa uleule. Hapo ndipo wazo la riwaya nyingine hujileta, na lazima liwe zuri kuliko hii unayoiandika, maana halijaandikwa bado. Mawazo ya namna hiyo nimeyatengea daftari. Naandika ukurasa mmoja, nalifunga, narudi kazini. Mengi nikiyarudia baadaye nayakuta ni picha moja nzuri tu, hakuna riwaya ndani yake.

Rasimu ya kwanza kuifikisha mwisho niliiandika bila mpango wowote, kama unavyoandika wewe sasa. Kilichonivusha ni kutorudi nyuma kusahihisha. Ilikuwa riwaya ya ndugu wawili wanaogombania nyumba ya marehemu baba yao. Mdogo alianza akiwa mwalimu, halafu nikaona namhitaji awe mbali na nyumbani mara kwa mara, nikamfanya dereva wa lori. Sikurudi sura ya kwanza. Niliandika kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa, REKEBISHA: NI DEREVA TANGU MWANZO, nikaendelea kana kwamba hajawahi kushika chaki. Ukianza kurekebisha sura ya kwanza kwa ajili ya jambo ulilolijua sura ya tisa, utairekebisha tena kwa ajili ya sura ya kumi na moja, na ya kumi na mbili hutaiona.

Kutorudi kusahihisha si kutorudi kusoma, lakini. Anthony Trollope, Mwingereza wa karne ya 19 aliyeandika riwaya 47 huku sehemu kubwa ya maisha yake akiwa mtumishi wa posta, alikuwa akianza kila asubuhi kwa kusoma kazi ya jana kwa muda wa nusu saa, kisha anaweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kwa kila dakika 15. Watu wanapenda kunukuu ile saa, wanaisahau ile nusu saa. Kwangu mimi kusoma ya jana ndiko kulikokuwa na faida zaidi, kwa sababu sauti ya msimulizi inarudi yenyewe kabla hujaandika neno.

Kwenye idadi ya maneno nitaongeza kitu kimoja. Lile lengo la changamoto ya NaNoWriMo, kuandika rasimu ya riwaya ya maneno 50,000 ndani ya mwezi mmoja, lililoanzia Marekani mwaka 1999 na kuhamia Novemba mwaka uliofuata, lilipangwa na watu wanaoandika Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa bila kuomba msaada. Maneno 50,000 ya Kiswahili ni kitabu kikubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo usijione mvivu kwa kulinganisha tarakimu zako na za mtu wa lugha nyingine. Mimi siku hizi nahesabu matukio: leo namaliza tukio hili, basi.

Sasa huko kwenye kupanga. Baada ya ile rasimu ya vurugu niliamua ifuatayo ya riwaya ileile niipange sura kwa sura. Uandishi ulikwenda haraka sana, hilo sitalikana. Tatizo lilijitokeza sura ya kumi. Mpango ulisema kaka mkubwa anaichoma hati ya nyumba mbele ya mdogo wake. Lakini kufikia hapo kaka mkubwa alikuwa ameshakuwa mtu wa kutunza kila risiti ndani ya kopo la biskuti, mpaka risiti za redio iliyokwisha kufa. Mtu huyo hachomi karatasi. Niliandika kama mpango ulivyotaka, nikampa na maneno makali: "Hati nimeichoma. Sasa tuone utafanya nini." Moto ulikuwepo, kelele zilikuwepo, ukurasa umekufa. Baadaye nikaandika upya. Mdogo anaingia akiwa bado na vumbi la safari, anauliza hati iko wapi. Kaka mkubwa, ambaye ameikalia chini ya mto wa kiti, anamjibu, "Umeshakula?" Basi. Ile ndiyo sura ambayo kila aliyesoma huniuliza habari zake.

Kwa hiyo siamini kwamba mpango unaua riwaya. Ninachoamini ni kwamba kuna mpango wa matukio na kuna mpango wa watu, na wengi wetu tukisikia kupanga tunaandika wa kwanza tu. Siku hizi kabla ya kuanza naandika machache: kila mhusika mkubwa anataka nini, anaficha nini, na ni kitu gani hatakifanya hata umfanyeje. Hilo la mwisho ndilo linalonisaidia zaidi, kwa sababu kilele cha riwaya mara nyingi kiko karibu na hapo. Matukio nayapanga sura mbili tatu mbele, sizidishi. Mwisho naujua kwa juu juu. Nimewahi pia kujaribu kadi, kila tukio kadi yake, unazitandaza sakafuni na kuzihamisha. Vladimir Nabokov, mwandishi wa riwaya ya Lolita, aliandika hivyo na hakufuata mpangilio wa hadithi. Kwangu kadi zilinifaa wakati wa kupanga upya rasimu iliyokwisha, si wakati wa kuandika.

Na hapo niseme jambo ambalo nilitamani mtu aniambie mapema: njia iliyokufikisha mwisho wa rasimu ya kwanza haitakusaidia kwenye ya pili. Ya kwanza inataka kasi na kutojali. Ya pili inataka mtu mwingine kabisa. Mimi nikishamaliza naiacha rasimu mpaka nianze kusahau sentensi zake, halafu naisoma yote bila kalamu mkononi. Nikimaliza ndipo natengeneza mpango, baada ya kuandika na si kabla. Kila sura naiandikia mstari mmoja: nani alitaka nini, na mwisho wa sura kimebadilika nini. Sura nyingine hujibu vizuri. Nyingine unajikuta umeandika "wanazungumza kuhusu msiba" na hapo pa mabadiliko pamebaki patupu. Sura za namna hiyo niliziondoa, na habari chache zilizokuwa ndani yake zikapata nafasi kwenye sura jirani bila taabu. Inauma, hasa kama ndiyo ile yenye maelezo mazuri ya mvua.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Ile -ka- ya kusimulia ni tamu mno mkono ukiwa na kasi: akaamka, akavaa, akatoka, akamkuta mdogo wake mlangoni, akamsalimia. Rasimu ya kwanza iache, ndiyo inayokusogeza. Kwenye rasimu ya pili ndiyo inayofanya kufunga mlango na kufiwa kuwe na uzito mmoja. Chukua ukurasa wako wowote uzipigie mstari zote. Ukikuta zimefuatana nyingi, jiulize kitendo kipi hapo ndicho tukio. Hicho kipe sentensi yake, vilivyobaki vikunje kwa "alipo-" au uvifute, msomaji atajua mwenyewe kwamba mtu hutoka nje akiwa amevaa. Baada ya hapo tafuta "ghafla" kwenye kompyuta. Utacheka.

Kuhusu kumpa mtu asome, maana hilo nalo umelitaja: usitoe rasimu ya kwanza ikiwa bado haijaisha. Ukisifiwa utaridhika uache, ukikosolewa utarudi sura ya kwanza. Ikishapita mikononi mwako mara ya pili, mtafute msomaji mmoja asiye mwandishi, na usimuulize kama ameipenda, atasema ndiyo. Mwombe tu aweke alama pembeni kila mahali alipoweka kitabu chini akashika simu. Alama zake zitakuonyesha mengi kuliko maoni yetu sote humu.

Katika hizo tatu zako, ichukue ile ambayo tayari unajua mtu mmoja ndani yake asichoweza kukifanya, hata kama siyo unayoipenda zaidi. Imalizie kwa njia uliyoianzia. Kupanga utaanza ukishakuwa na rasimu ya kupanga.