Pindua Gari Kwanza: Ushauri kwa Wanaoanza Kukusanya Magari Madogo ya Chuma

Anayeanza kukusanya magari madogo ya chuma huuliza kwanza swali la bei: ni gari lipi litapanda thamani, na linapatikana wapi. Swali hilo lina nafasi yake, lakini ningependa lisubiri, kwa sababu mtu asiyejua kulisoma gari lenyewe hawezi kutambua kama bei anayotajiwa ni ya haki au ni ya kumlaghai. Kulisoma gari ni kulipindua na kutazama tumbo lake, kuchunguza magurudumu, kuikagua rangi katika mistari ya milango, kisha kujibu maswali mawili: hiki ni kitu gani hasa, na je, sehemu zake zote zilitoka kiwandani pamoja? Sehemu kubwa ya ushauri nitakaoutoa hapa inahusu namna ya kuyajibu maswali hayo.

Ni vyema kufahamu jinsi magari haya yanavyotengenezwa, kwa kuwa kasoro zake nyingi huanzia hapo. Aloi ya zinki, yenye alumini kiasi na chembe za magnesi na shaba, huyeyushwa na kusukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya feleji, ikapoa upesi na kutoka ikiwa bodi kamili yenye mistari ya milango na matundu ya taa. Bodi hupakwa rangi, huwekewa viti na vioo vya plastiki, kisha huunganishwa na chesisi kwa ribiti, ambazo katika magari mengi madogo ni vijiti vilivyosubiwa pamoja na bodi, vikapenyezwa kwenye matundu ya chesisi na kupondwa ncha ili vishike. Gari lililounganishwa kwa namna hiyo haliwezi kufunguliwa bila kuacha alama, na jambo hilo litatufaa baadaye.

Uamuzi wa kwanza wa mkusanyaji ni ukubwa. Gari halisi lenye urefu wa mita 4.5 huwa na sentimita 25 katika skeli (yaani uwiano wa gari dogo na gari halisi) ya 1:18, sentimita 10.5 hivi katika 1:43, na sentimita 7 tu katika 1:64. Skeli ya 1:43, ambayo kwa macho ya mgeni inaonekana kama namba iliyookotwa tu, ilitokana na treni za mfano za Uingereza, ambako milimita 7 zilihesabiwa kuwa futi 1. Napendekeza uchague skeli moja kabla ya kuchagua kampuni au aina ya magari, kwa sababu ya nafasi: kabati linalobeba magari 100 ya 1:64 kwa raha litajaa kwa magari machache sana ya 1:18, na magari ya skeli mbalimbali yakipangwa safu moja hayapendezi. Tahadhari ni kwamba magari ya zamani ya Matchbox hayakufuata skeli moja. Kila gari lilipunguzwa hadi litoshee kwenye kiboksi chake, hivyo lori na gari dogo la abiria huweza kulingana urefu. Baada ya skeli, jiwekee mpaka mwingine, uwe ni zama fulani, magari ya mbio, malori, au kazi za kiwanda kimoja. Asiye na mpaka hununua kila kinachong'aa, na baada ya muda huwa na maboksi mengi na ujuzi mdogo.

Kwa anayevutiwa na magari ya kale, majina manne hayakwepeki. Dinky Toys zilitengenezwa na Meccano, kampuni ya Frank Hornby ya Liverpool, na zilipata jina hilo mwaka 1934. Kiwanda cha huko kilifungwa mwaka 1979. Corgi Toys za kampuni ya Mettoy ziliingia sokoni mwaka 1956 zikijitangaza kwa madirisha ya plastiki, jambo lililokuwa geni wakati huo. Matchbox ni zao la kampuni ya Lesney, iliyoanzishwa mwaka 1947 na Leslie Smith na Rodney Smith, ambao walijiunga na fundi Jack Odell. Mfululizo wa magari yanayoingia kwenye kiboksi mfano wa kibiriti ulianza mwaka 1953. Hot Wheels za Mattel zilifika mwaka 1968 kwa magari 16, yakiwa na ekseli nyembamba na magurudumu yenye msuguano mdogo yaliyokimbia kuliko ya washindani, na rangi inayopenyeza mwanga iliyopakwa juu ya chuma kilichong'arishwa. Lesney ililazimika kujibu, na mwaka 1969 ikaleta magurudumu yake mepesi kwa jina la Superfast.

Historia hiyo fupi ina kazi, kwa maana ushindani wa viwanda ndio uliobadilisha magurudumu, na magurudumu ndiyo yanayomwongoza mkusanyaji kwenye tarehe. Magari ya mwanzo ya Matchbox yalikuwa na magurudumu ya chuma, yakafuata ya plastiki ya kijivu, kisha ya plastiki nyeusi, kabla ya Superfast. Bodi ileile yenye rangi ileile huweza kuuzwa kwa bei mbili zinazotofautiana sana kwa sababu tu mabadiliko ya magurudumu yalitokea katikati ya uzalishaji wake na toleo mojawapo likatoka kwa uchache. Kwa Hot Wheels, mstari mwekundu kwenye tairi ni dalili ya kipindi cha kuanzia 1968 hadi 1977. Mgeni asipoyatazama magurudumu atalinunua toleo la kawaida kwa bei ya toleo adimu, na muuzaji si lazima awe mwongo, kwani huenda naye hajui.

Makosa yanayohusu mwaka ni mengi zaidi. Mwaka ulioandikwa kwenye tumbo la gari la Hot Wheels ni wa haki ya kubuni kalibu, si wa kutengenezwa kwa gari hilo, na kalibu moja huweza kutumika kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo gari lenye maandishi ya 1969 linaweza kuwa limetoka kiwandani juzi tu. Tangu mwaka 2008 magari ya Hot Wheels hupigwa pia msimbo mdogo wenye herufi ya mwaka na namba ya wiki ya uzalishaji, na huo ndio wa kuaminiwa. Soma pia jina la nchi, kwani viwanda vilihamishwa mara nyingi na nchi iliyoandikwa huondoa shaka nyingi. Vilevile yapo matoleo mapya yaliyoidhinishwa ya magari ya kale, kwa mfano Dinky zilizorudishwa sokoni na kampuni ya Atlas, yakiwa na maboksi yanayofanana na ya zamani. Ni magari mazuri kwa atakaye sura bila gharama, lakini hayana thamani ya yale ya kwanza.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona zito kuliko yote, nalo ni kuoza kwa zinki. Aloi ikichafuliwa na risasi, hata kwa kiasi kidogo sana, huanza kuliwa kutoka ndani, katika mipaka ya chembe zake za fuwele, na unyevu pamoja na joto huharakisha uharibifu huo. Dinky nyingi za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina ugonjwa huu, kwa kuwa usafi wa aloi haukudhibitiwa ipasavyo wakati huo, ingawa gari la miaka ya karibuni nalo laweza kuupata iwapo kiwanda kilizembea. Dalili ya kwanza ni nyufa nyembamba kama unywele chini ya rangi. Kisha chuma huvimba: chesisi hupinda kwa kuwa imerefuka kuliko nafasi yake, milango hukwama au huacha mwanya, rangi hutunga malengelenge, na mwishowe kipande hukatika kwa kuguswa tu. Hakuna dawa. Gundi hushikilia vipande lakini haizuii kinachoendelea ndani, na kupaka rangi upya huficha tu. Habari njema ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi, hivyo gari lililooza halitaharibu la jirani yake kabatini. Ushauri wangu ni kutolinunua gari lenye dalili hizo hata likitolewa kwa bei ya kutupa, isipokuwa unataka matairi yake. Ila usichanganye ufa wa kuoza na mkwaruzo wa kuchezewa: mkwaruzo huonyesha chuma kilichonyooka na kigumu, ilhali ufa wa kuoza hufuatana na uvimbe.

Baada ya uzima wa chuma, chunguza uasili. Ribiti ya kiwandani huwa na kichwa laini kisicho na tundu. Ukiona kimetobolewa, kuna skrubu, au kuna mabaki ya gundi, gari limewahi kufunguliwa. Rangi ya kiwandani ya gari la zamani ni nyembamba, na mistari ya milango huonekana dhahiri. Rangi iliyorudiwa hujaza mistari hiyo na mara nyingi hupenya hadi ndani ya bodi isipostahili. Tochi ya miale ya urujuanimno husaidia, kwa sababu gundi na rangi za kisasa huweza kung'aa tofauti na za zamani, na karatasi nyingi za kisasa hutiwa kemikali za kuongeza weupe zinazong'aa samawati chini ya mwanga huo, jambo linalofichua maboksi ya kuigiza. Tairi jeusi kupita kiasi kwenye gari lililochakaa ni tairi la kupachikwa. Vipande vidogo navyo vihesabiwe: Aston Martin DB5 ya James Bond iliyotolewa na Corgi mwaka 1965, ikiwa na rangi ya dhahabu ingawa ya kwenye filamu ilikuwa ya fedha, ina kiti kinachomrusha abiria, na abiria huyo mdogo ndiye wa kwanza kupotea. Mbadala wake huuzwa kando, kwa hiyo kuwapo kwake hakuthibitishi kuwa ni wa asili.

Sisemi kwamba ukarabati ni dhambi. Wakusanyaji huainisha magari katika makundi matatu: yaliyotoka kiwandani yalivyo, yaliyobadilishwa na mtu mwingine kwa idhini ya kiwanda, na yaliyobadilishwa bila idhini. Kundi la tatu lina kazi za mafundi stadi zinazostahili kununuliwa kwa uzuri wake, mradi muuzaji aseme wazi. Ukinunua kwa mbali, omba picha ya tumbo, ya pande zote mbili, ya magurudumu kwa karibu, na ya pembe zote za boksi. Anayekataa kupiga picha ya tumbo amekwisha kukupa jibu.

Magari ya kisasa yana mitego ya namna nyingine. Hot Wheels za Treasure Hunt, yaani matoleo adimu yanayokusudiwa kusakwa madukani, zilianza mwaka 1995, na tangu 2007 kuna daraja la juu zaidi lenye rangi inayong'aa na matairi ya mpira, ambalo huingizwa katika maboksi ya kawaida na husakwa kwa pupa. Kwa kuwa tofauti iko kwenye rangi na magurudumu, ni rahisi kwa mtu kubadilisha magurudumu ya gari la kawaida, kulipaka rangi, na kulifunga tena kwenye kadi. Hivyo kagua ukingo wa plastiki unapogusana na kadi kabla ya kulipa. Katika skeli kubwa, uamuzi ni kati ya zinki na rezini, aina ya plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikaganda. Rezini humiminwa katika kalibu laini zinazochakaa upesi, kwa hiyo inafaa kwa matoleo machache, na hutoa mistari mikali ya bodi. Lakini milango na boneti kwa kawaida havifunguki, na gari likianguka huvunjika. Spark ni mfano wa kampuni inayojulikana kwa rezini. Mimi hupendelea zinki kwa uzito wake mkononi, lakini hilo ni suala la ladha. Kuhusu namba za toleo maalumu zinazopigwa kwenye tumbo, uchache peke yake haupandishi bei; toleo la magari 500 ambalo hakuna anayelitaka litabaki dukani.

Je, ufungue boksi? Kwa gari la kale, boksi la asili laweza kuwa na thamani inayokaribia ya gari lenyewe, hivyo litunze kama lilivyo, hata likiwa limechanika. Gari la kawaida la 1:64 la siku hizi lifungue bila majuto, kwani limetengenezwa kwa wingi mno kiasi kwamba kadi yake haitakulipa uvumilivu wako.

Utunzaji ni suala la hewa na mwanga. Darini hukaanga, na ghala la chini ya nyumba hulowesha. Chumba unachokaa mwenyewe kinatosha. Jua hufifisha rangi, na sifongo la ndani ya boksi likifungwa na unyevu hutoa malengelenge kwenye rangi ya magari makubwa, kwa hiyo yatoe mara kwa mara yapate hewa na uweke vifuko vya jeli ya silika. Matairi laini hutoa kemikali za kulainisha ambazo huyeyusha ringi za plastiki na kuacha madoa kwenye rafu, basi inua gari kwa kipande kidogo chini ya chesisi ili uzito usikae kwenye matairi. Vumbi liondolewe kwa brashi laini ya vipodozi. Maji yenye sabuni kidogo yanafaa kwa bodi isiyo na stika, ila usiliroweke gari, kwa kuwa ekseli za chuma hushika kutu, na usitumie spiriti kwenye maandishi yaliyochapwa.

Mwisho, andika kila gari siku unayolipata: kampuni, namba ya toleo, rangi, aina ya magurudumu, maandishi ya tumboni, bei, aliyekuuzia, na kasoro zote ulizoziona, pamoja na picha za pande zote. Baada ya mwaka linganisha picha hizo na gari lenyewe, hasa kama ni la kabla ya vita, kwa maana chesisi iliyoanza kupinda huonekana kwenye picha mbili zilizowekwa pamoja kabla jicho halijaitambua kabatini. Nakala ya orodha hiyo ihifadhiwe nje ya chumba cha mkusanyo.