Mwenye kampuni ya makaa ya mawe kwenye kiti cha nishati

SWALI: Shikamoo mama. Nauza dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nasikia Marekani mtu wa makaa ya mawe aliongoza kamati ya nishati. Inawezekanaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni Joe Manchin, aliyekuwa seneta wa West Virginia, jimbo la makaa, hadi Januari 2025. Mwaka 1988 alianzisha Enersystems, kampuni ya biashara ya makaa, na hata alipokuwa seneta iliendelea kumwingizia pesa. Mwaka 2021 akawa mwenyekiti wa Kamati ya Nishati na Maliasili. Sheria za kwao hazikumzuia.

Uzito upo hapa: mwenyekiti ndiye hupanga muswada upi usikilizwe na upi ukae kabatini. Mwaka huohuo, mpango wa kuyalipa mashirika ya umeme yahamie nishati safi uliondolewa kwa sababu yeye aliupinga. Hilo linaniuma.

Sisi wa Kigoma tuliolala miaka na mngurumo wa jenereta za dizeli tunajua gharama ya maamuzi ya nishati. Mbunge wako akija mwaloni, muulize waziwazi: una hisa wapi? Ni haki yako, mwanangu, usiogope.