Mdogo wako hajasahau kufunga pointi tatu

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mdogo wako, aliyekuwa moto wa kuotea mbali kwenye mpira wa kikapu sekondari huko Marekani, sasa yuko mwaka wa pili chuoni na mipira yake ya mbali inagonga chuma tu.

Anza na mstari wenyewe. Sekondari za huko, mstari wa pointi tatu, ambao ukifunga ukiwa nje yake unapata pointi tatu, uko mita 6.02 kutoka kikapuni. Kwa wanaume wa vyuo vikubwa, tangu msimu wa 2019–20, uko mita 6.75. Macho hayaoni tofauti kubwa, lakini mkono unaijua. Miguu isipotoa nguvu, bega ndilo linalolipa: mpira unashushwa hadi kifuani, kiwiko kinatoka nje, na mpira unakwenda umelala badala ya kupanda. Mtazame kwa makini akirusha.

Halafu kuna muda. Kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, zinaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa msimu, nazo zinaliwa na mbinu za timu, kutazama video na kunyanyua vyuma. Kurekebisha mtupo kunataka marudio maelfu, tena mwanzoni unakosa kuliko zamani. Nani atathubutu, wakati akikosa mara mbili anarudishwa benchi? Hapo ndipo vijana hawa wananiuma.

Asubiri msimu uishe. Aanzie mita 2 tu, mkono mmoja, magoti yamekunjwa, na arudi nyuma hatua moja pale tu mtupo unapobaki uleule. Mhesabie pia mitupo huru, ile ya adhabu ambayo hakuna anayemzuia: akiifunga vizuri, mkono ni mzima, shida iko miguuni.