Hayati wa Mwaka 1277

SWALI: Mimi ni katekista hapa Songea. Katika makala yangu ya parokia nimeandika: "Hayati Papa Yohane XXI alifariki dunia mwaka 1277 baada ya kuangukiwa na dari." Nikiisoma mbele za watu, niseme "wa ishirini na moja" au "wa ishirini na mmoja"?

JIBU: "Wa ishirini na moja", mwalimu, wala usitetereke. Ukihesabu watu, unapatanisha: mapapa ishirini na mmoja. Ukitaja nafasi ya mtu, namba haimfuati: papa wa ishirini na moja, mtahiniwa wa arobaini na moja. Ila wakikuuliza Yohane wa ishirini alikuwa nani, usihangaike kumtafuta. Hayupo. Waandishi wa karne za kati walijichanganya, wakaingiza kwenye hesabu Yohane ambaye hakuwahi kuwapo, na huyu Yohane wako, Mreno, alipochaguliwa mwaka 1276 akairuka namba.

Hilo limekwisha. Sasa turudi kwenye neno lako la kwanza, ambalo hukuliuliza: "hayati".

Hayati wa miaka mia saba na ushee! Neno ni la Kiarabu, asili yake uhai; marehemu ni aliyerehemiwa. Wapo wanaoshikilia kwamba hayati ni ya wakubwa na marehemu ni ya makabwela, kana kwamba huko udongoni nako kuna viti vya mbele. Siwafuati. Yote mawili ni maneno ya wafiwa, humkinga msikilizaji asije akadhani anayetajwa bado yupo. Hayati Mwalimu Nyerere, sina ugomvi. Waliompa mkono wangali wanakunywa kahawa barazani. Lakini nani atadhani Yohane wako yuko hai? Tena umemuua mara mbili: hayati, halafu alifariki.

Kuna mtangazaji aliyenifanya niiache chai ikapoa. "Hayati Papa Formosus," akasema, "alishtakiwa mwaka 897." Hebu tulitazame hilo taratibu. Nikisema "Hayati Mwalimu Nyerere alishtakiwa mwaka 1958", unaelewa kwamba leo hayupo, ila siku ile alisimama kizimbani kwa miguu yake. Formosus hakusimama. Alikuwa amekufa tangu 896. Papa Stefano VI aliamuru afukuliwe, avikwe mavazi ya kipapa, akalishwe kitini, asomewe mashtaka. Shemasi mmoja akawekwa pembeni kumjibia. Akatiwa hatiani, akakatwa vidole vya mkono wa kulia, vile vya kubarikia, na mwisho akatupwa katika mto Tiber. (Stefano naye alinyongwa gerezani kabla mwaka haujaisha.) Kisa chote kimesimama juu ya jambo moja tu, kwamba mshtakiwa alikuwa maiti, na mtangazaji wetu, kwa heshima zake, akalifunika kwa "hayati". Msikilizaji kaondoka na kesi ya kawaida kabisa! Sema "maiti ya Papa Formosus ilishtakiwa", uone kama kuna atakayesinzia.

Watu wa historia hawahitaji hayati wala marehemu. Mwaka unatosha.

Basi futa neno hilo, mwalimu. Kama nakala zimeshachapwa, soma tu hivyohivyo. Yohane hatalalamika, ile dari ya kule Viterbo, Italia, ilimuumiza zaidi.