Fuko wa Milima ya Bale: majibu kwa wasomaji

Swali: Fuko huyu mkubwa anapatikana wapi?

Jibu: Katika Milima ya Bale tu, kusini-mashariki mwa Ethiopia, hasa kwenye uwanda wa Sanetti ulio kiasi cha mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Wanasayansi humwita Tachyoryctes macrocephalus, yaani mwenye kichwa kikubwa, na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, imemworodhesha miongoni mwa wanyama walio hatarini kutoweka. Moja ya matishio yake ni ng'ombe na mifugo mingine inayolisha huko.

Swali: Ikiwa anaishi chini ya ardhi, ng'ombe anamdhuru vipi?

Jibu: Anaishi chini, lakini chakula chake kiko juu. Hutoboa tundu, akachungulia kwa macho yaliyokaa karibu na utosi, kisha hujitokeza nusu mwili, akang'oa majani yaliyo karibu, akarudi kinyumenyume na kuziba tundu kwa udongo. Riziki yake, basi, ni kile kilichoota jirani na mlango wake. Mifugo ikilisha hapo humwachia kipara, na kwato hushindilia udongo anaochimba. Zamani wafugaji wa Kioromo walipandisha mifugo huko kwa msimu, desturi iitwayo godantu, wakashuka nayo. Siku hizi yapo makazi ya kudumu hata ndani ya hifadhi ya taifa, na majani hayapati muda wa kuchipua upya. Kwa maoni yangu, hili ndilo tishio la kushughulikiwa kwanza.

Swali: Joto likizidi, si atahamia juu zaidi?

Jibu: Kilele kirefu kuliko vyote huko, Tullu Dimtu, kina mita 4,377. Baada ya hapo ni mawingu.

Swali: Nani mwingine anamtegemea?

Jibu: Mbweha mwekundu wa Ethiopia, ambaye waliokomaa hawafiki 500 duniani, na wengi wao wako Bale, ambako fuko huyu ni windo lake kuu.

Swali: Je, ni kweli kwamba watu walimla?

Jibu: Ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulieleza mifupa yake iliyoungua, iliyofukuliwa katika pango la Fincha Habera, huko huko Milima ya Bale, ambako watu waliishi kati ya miaka 47,000 na 31,000 iliyopita. Wawindaji hao, pamoja na mioto yao, hawakummaliza, pengine kwa sababu walichukua fuko wakaacha majani.