Warsha ya haki, na ukumbi mzima kimya

SWALI: Shikamoo, Bi. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana hapa Faza, kisiwani Pate, Lamu. Tumepewa kazi ya kuendesha warsha tatu kuhusu haki za binadamu na mahitaji ya wale wanaoachwa nje: watu wenye ulemavu, wajane, vijana wasio na vitambulisho. Ya kwanza tumeshaifanya. Watu arubaini walikuja, nikasoma vifungu vya Katiba mpaka koo likakauka, nikauliza, "Kuna swali?" Kimya. Kina mama walijibanza nyuma. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema, na alisema nusu saa. Kisha pilau, kisha kila mtu kwake. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Afadhali wewe, watu wako walikula wakaondoka. Mimi mwaka wangu wa pili katika kazi hii niliitisha warsha ya haki za watu wenye ulemavu hapa Amu, yaani mji wa Lamu, katika ghorofa ya pili ya nyumba ya kale. Ngazi zetu za mawe unazijua: nyembamba, na kila kidaraja kina kimo chake. Mgeni wetu, fundi cherehani anayetumia kiti cha magurudumu, alibebwa na vijana wanne. Kofia ikamwanguka kwenye kona. Alipowekwa chini alinitazama, akasema, "Yeo mumenipandisha kama gunia la mtele, ili munambie nina haki." Nyuma yangu ukutani nilikuwa nimekiandika kwa wino mwekundu Kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya 2010, kile kinachosema apewe heshima na aweze kufika kila mahali. Tangu hapo chumba nakikagua mwenyewe. Choo pia, maana choo husahauliwa na kila mtu.

Sasa nikuulize: uliwaita saa ngapi? Nakisia saa nne asubuhi, kwa kuwa barua zote za warsha husema saa nne. Siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, saa nne ndipo maji yamekauka, na kina mama wa pweza wako mwambani na vijiti vyao. Waliokuja kwako ni wale wenye nafasi. Kabla ya warsha ya pili, pita nyumba kwa nyumba na mama mmoja anayeheshimiwa, uulize saa gani inawafaa na nani ndani hatoki. Utashangaa. Kuna nyumba zenye mtoto ambaye jirani wa ukuta mmoja hajapata kumwona.

Ule ukimya, kwa kweli, uliutaka mwenyewe. "Kuna swali?" ni mtihani wa darasani, na mtu mzima hapendi kufeli mbele ya mkwewe. Mimi huwaketisha chini mchangani, kina mama peke yao na mwezeshaji mwanamke, nikawapa makombe ya simbi na vifuu vya nazi wachore mtaa: kisima hapa, zahanati pale, gati kule. Kisha nauliza, "Ni wapi ulipofika ukarudishwa?" Mara moja bibi mmoja alikiweka kifuu juu ya zahanati, akakiondoa, akakirudisha. Tukangoja. Akasema yeye ni kiziwi sikio moja, huitwa jina dirishani asisikie, zamu ikapita, akarudi nyumbani na homa yake. Hapo ndipo nilipokitaja Kifungu cha 43, kinachotaja afya. Kisa kwanza, kifungu baadaye.

Wanaume watakwambia haki ni maneno ya vitabuni. Usibishane nao. Wakumbushe wavuvi wa Lamu waliokwenda mahakamani mwaka 2012 kuhusu ujenzi wa bandari, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Waambie pia kwamba amri ni kitu kimoja na pesa mkononi ni kingine, maana usipowaambia wewe, watakwambia wao.

Mzee wako wa nusu saa mpe kazi ya kushika saa. Mimi nimejaribu, inafaa sana.

Jambo moja usilifanyie mzaha. Mkizungumza haki, siku moja mtu ataanza kusimulia kipigo cha nyumbani au mtoto aliyeguswa. Usimwache amalize mbele ya watu arubaini. Mtoe kando na mwanamke unayemwamini, mkae naye, na muwe na namba tayari: 116 kwa mambo ya watoto, 1195 kwa ukatili wa kijinsia. Zote ni bure.

Posho tangazeni mapema, ni ngapi na ya nani, ili minong'ono isitangulie warsha. Ya pili ifanyeni uwanjani, baada ya alasiri. Nikipata mashua nitakuja, na nitakaa nyuma na kina mama.