Nyota iliyokuwa chini ya keekee

Mwanangu,

Nimeipata picha ya ile nyota ya ncha sita uliyoikuta chini ya keekee ya kutobolea mbao, ndani ya sanduku la zana la babu yako. Unauliza: "Mama, kama babu alipigana vita, mbona hakutwambia?" Sikutaka kukujibu kwa mkato, ndiyo nikangoja hadi baada ya Isha, nyumba imetulia.

Hiyo ni Nyota ya Bama, nishani ya Waingereza kwa waliopigana Bama, Myanmar ya leo. Babu yako alizaliwa Nyasaland, Malawi ya leo, na hapa Matondoni, Lamu, walimwita Mnyasa hadi siku tuliyomzika. Aliingia Keya, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, akiwa kijana. Mwaka 1943 alipelekwa Ceylon na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, kisha Bama, wakawafukuza Wajapani katika bonde la Kabaw, mvua na malaria juu yao, hadi Kalewa kwenye mto Chindwin, Disemba 1944. Hayo alinieleza mara moja tu, nilipomwuliza kovu la mguu wake.

Aliyekuwa akimtaja ni rafiki yake. Kambini alijuana na kijana wa hapa Matondoni, mtoto wa fundi wa majahazi. Yule akachukuliwa kikosi cha mizinga. Babu alitangulia Ceylon, akawa anamngoja. Tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa dakika chache tu. Walikufa watu 1,297, wakiwemo mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Rafiki yake alikuwa humo.

Vita vilipokwisha alikuja Lamu kuwapa wazazi mkono wa pole. Nia yake ilikuwa kulala siku tatu ashike njia ya kwao. Akamkuta mzee anahangaika na ubao mrefu, akashika upande wa pili. Basi ikawa hivyo, miaka yake yote.

Laiti ungemwona akitoboa! Ubao wa mbambakofi ukiupiga msumari hivihivi hupasuka, kwa hiyo keekee hutangulia: mkono mmoja unavuta uta mbele na nyuma, mwingine umekandamiza juu, na vumbi jekundu linamwagika miguuni. Msumari nao huuzungushia pamba iliyochovywa mafuta, ndipo aupigilie. Kwenye kalafati, kuziba mianya ya mbao, hakukubali kuharakishwa na mtu. Alisokota pamba pajani, akaishindilia baina ya mbao shibiri kwa shibiri, na mwenye chombo akilalamika, yeye huendelea tu. Chombo kipya kikishushwa majini, usiku wa kwanza alilala ndani yake peke yake, kiganja juu ya mbao za chini, akipapasa unyevu. Nilipokuwa mdogo nilidhani mafundi wote hufanya hivyo. Sasa naamini alikuwa akimlinda mtu.

Nyota ilimfikia baadaye, amekwisha kuwa fundi. Aliipeleka moja kwa moja kwa mama wa marehemu. Bibi yule akaigeuza-geuza, akamwuliza: "Na mwanangu, wamempa?" Babu hakuwa na la kumjibu. Mzee ndiye aliyeichukua akaiweka katika sanduku la zana, sanduku ambalo lilikuwa lake kabla ya kuwa la babu yako. Haikutoka tena. Kwa hiyo hakukuficheni, mwanangu. Aliona si yake peke yake, na mwenziwe hakuwapo wa kumwomba ruhusa ya kuionyesha.

Usiisugue ing'ae. Na ile kamba ya uta, hata kama imechakaa, usiikate, aliifunga mwenyewe. Mjukuu wa yule mzee bado anaunda vyombo hapa ufukweni, na juzi aliniuliza keekee iko wapi. Ukija Maulidi, njoo na sanduku.

Mamako